Kupima nimonia: mwongozo kamili, kuanzia kuhesabu pumzi hadi kusoma picha ya kifua

Kila fomu ya kuombea kipimo ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa, na karibu kila mtu huiruka. Nimezijaza fomu hizo kwa miaka mingi na nimezisoma za wenzangu. Kilichomo mara nyingi ni neno moja, "kifua", au "nimonia" yenye alama ya kuuliza mbele yake. Mtaalamu wa mionzi anapiga picha, mwenzetu wa maabara anahesabu chembe za damu, majibu yanarudi, na aliyeagiza anabaki ameyashika mkononi hajui ayafanyie nini, kwa kuwa tangu mwanzo hakuwa na swali.

Mwongozo huu ni wa matabibu na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, hasa mlioanza kazi karibuni. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kuusoma ili ajue anapimwa nini na kwa nini. Ila kama una mtoto anayehema mbiombio sasa hivi, weka simu chini umpeleke kituoni.

Maswali yetu ni manne. Je, ni nimonia kweli? Imemwelemea kiasi gani? Imeletwa na nini? Je, kuna jambo lingine limejificha nyuma yake, kama kifua kikuu, maji kuzunguka pafu, VVU au saratani? Hakuna kipimo kimoja kinachojibu yote. Picha ya kifua hujibu la kwanza vizuri na la nne kwa kiasi, lakini la tatu karibu hailijibu kabisa. Makohozi hujibu la tatu, yakichukuliwa sawasawa. Ukiwa na hilo kichwani, fomu zako zitabadilika.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi kabla ya kushika kalamu

Kipimo cha kwanza cha nimonia hakilipiwi. Kinahitaji saa yenye sekunde na kifua kilichofunuliwa. Mtoto abaki mapajani kwa mama yake, ametulia, halii wala hanyonyi. Mwombe mama apandishe nguo, kisha tazama kifua na tumbo kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Watoto hupumua kwa mwendo usio sawa, na ukipitiwa na pumzi mbili ndani ya sekunde 15 umekosea nane kwa dakika. Nane zinatosha kumrudisha nyumbani mtoto aliyestahili dawa.

Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni hii:

- chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika (rudia kuhesabu uhakikishe)
- miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi
- mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi

Kwa mtu mzima, 30 na kuendelea ni hatari.

Halafu tazama chini ya mbavu. Mtoto anapovuta pumzi, sehemu hiyo ikibonyea kwenda ndani badala ya kutanuka, pafu linafanya kazi kwa taabu. Zamani kubonyea huko peke yake kulimlaza mtoto wodini. Tangu shirika hilo liliporekebisha mgawanyo wake mwaka 2014, mtoto wa miezi 2 hadi 59 mwenye kubonyea bila dalili za hatari anaweza kutibiwa kwa amoksilini ya kunywa nyumbani na kuangaliwa tena. Dalili za hatari ni kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu, na sauti ya kukwaruza kooni hali mtoto ametulia. Ukiona mojawapo, hiyo ni nimonia kali. Mpe dozi ya kwanza ya antibiotiki na oksijeni, andika rufaa, vipimo vitafuata.

Sikiliza pia kwa stetoskopu, mgongoni na kwapani, si mbele tu. Sauti inayofanana na nywele zinazosuguliwa kwa vidole karibu na sikio, upande mmoja, ina uzito. Lakini nimewahi kusikiliza kifua kisicho na lolote na picha ikatoka nyeupe upande mzima, kwa hiyo ukimya wa stetoskopu usikutulize.

Hatua ya 2: Oksimita, na kidole unachoipachika

Kifaa hiki kidogo, kinachobanwa kidoleni kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu, ndicho ningekinunua kwanza kama kituo kingekuwa na fedha ya kitu kimoja tu. Kinajibu swali la pili: mgonjwa ameelemewa kiasi gani. Ikisoma chini ya 90, mgonjwa wa umri wowote anahitaji oksijeni. Kwa mtu mzima mimi husita kumruhusu hata akiwa na 91 au 92.

Namba hiyo inadanganywa kwa urahisi. Rangi ya kucha huizuia, na kwa sisi tunaohudumia watu wa pwani, piko nyeusi pia. Mwanamke aliyetoka harusini na vidole vilivyokolea piko, pachika kifaa kwenye ncha ya sikio. Vidole vya baridi vipashwe kwanza. Mtoto mchanga pimwa mguuni. Usiandike namba mpaka mawimbi kwenye kioo yatulie, na mapigo ya moyo yanayoonyeshwa yalingane na unayoyahesabu kwa mkono. Imeonekana pia kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa mara nyingine husoma juu kuliko ilivyo ndani ya damu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye 92 anayehema pumzi 34 na kushindwa kumaliza sentensi, yaamini macho yako. Upande mwingine, wakazi wa nyanda za juu kama Njombe au Eldoret huwa na namba ya chini kidogo hata wakiwa wazima.

Kwa mtu mzima ongeza alama za CURB-65. Kila kimoja kati ya hivi kina alama moja: kuchanganyikiwa, urea inayozidi 7 mmol/L, pumzi 30 au zaidi, presha ya juu chini ya 90 au ya chini isiyozidi 60, na umri wa miaka 65 au zaidi. Alama 0 au 1, mara nyingi atibiwe nyumbani. Alama 2, fikiria kumlaza. Alama 3 na kuendelea, hali ni mbaya. Kama maabara haipimi urea, iache hiyo utumie nne zilizobaki. Hapo hata alama moja ni sababu ya kufikiria hospitali. Ila alama hizi hazihesabu oksijeni wala VVU. Kijana wa miaka 28 anaweza kupata sifuri huku oksijeni yake ni 84.

Hatua ya 3: Vipimo vya tone moja la damu

Kwa mtoto mwenye homa na kuhema haraka, malaria na nimonia huvaa nguo moja. Fanya kipimo cha haraka cha malaria, lakini kikitoka chanya usifunge faili. Katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea na bado kilichomlaza ni pafu. Pumzi zikizidi mipaka niliyoitaja, tibu vyote viwili.

Pima sukari kwa mgonjwa yeyote aliyelegea, mtoto au mtu mzima.

VVU wapimwe wote, kwa ridhaa yao, na usisubiri wawe wamekonda. Jibu hilo hubadilisha orodha nzima ya vinavyoweza kusababisha ugonjwa. Mgonjwa mwenye VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga) ziko chini ya 200, mwenye kikohozi kikavu cha wiki kadhaa, pumzi zinazokatika na kifua kinachosikika safi, fikiria kuvu aitwaye Pneumocystis jirovecii. Kuna jaribio rahisi: mpime oksijeni akiwa amekaa, kisha mtembeze kidogo wodini ukiwa naye, pima tena. Ikiporomoka, shuku hiyo imeongezeka. Watoto wachanga waliozaliwa na mama mwenye VVU hupatwa nayo zaidi kati ya miezi 2 na 6, na ni kali sana kwao.

Hatua ya 4: Damu ya maabara

Picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zake) ndiyo inayoagizwa zaidi na kusomwa vibaya zaidi. Chembe nyeupe zikizidi 15 (maelfu kwa kila mikrolita) na nyingi zikiwa nutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria), bakteria wana uwezekano mkubwa. Lakini zikiwa kawaida hazikanushi nimonia, na zikiwa chini ya 4 kwa mgonjwa aliye mahututi ni ishara mbaya, maana mwili umeshindwa kuzalisha askari. Wengi huona namba ndogo wakapumua kwa raha. Tazama pia hemoglobini: mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu naye huhema haraka, na utakuwa unamtibu pafu lisilo na kosa.

CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na maambukizi au uvimbe mwilini, pale inapopatikana, husaidia kwa mtu mzima ambaye hujaamua kama ana nimonia au mafua yaliyoshuka kifuani. Chini ya 20 mg/L antibiotiki kwa kawaida hazihitajiki. Juu ya 100 toa. Katikati, mwangalie mgonjwa na uwe na mpango wa kumwona tena. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha kudokeza bakteria, ni ghali zaidi na haitoshi kuwa sababu ya kumnyima dawa mtu mwenye nimonia iliyothibitishwa kwa picha. Kama hospitali yako haina, hujakosa mengi.

Urea, kreatinini na chumvi za damu ni za mgonjwa anayelazwa. Zinakuambia figo zinaendeleaje na dozi zipi upunguze.

Kuotesha damu (kuiweka kwenye chupa ya kukuzia bakteria ili waliomo waonekane) ni kwa wagonjwa wa hali mbaya, si kwa kila anayekohoa. Kwa nimonia ya mtaani, damu huotesha bakteria kwa wachache, mara nyingi chini ya 15 kati ya wagonjwa 100 waliolazwa. Ila akiota, una jina lake na dawa zinazomuua. Masharti yake hayana mjadala:

1. Chukua kabla ya antibiotiki. Dakika kumi za kutafuta chupa ni sawa. Saa tatu si sawa, mpe dawa.
2. Safisha ngozi kwa spiriti, kisha iodini au klorheksidini, na uiache ikauke yenyewe. Ukishasafisha usirudi kuupapasa mshipa kwa kidole.
3. Mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka sehemu mbili za mwili. Mtoto mililita 1 hadi 3 kulingana na uzito.
4. Andika kwenye fomu kama ameshakunywa dawa yoyote, pamoja na ile aliyonunua duka la dawa jana. Muulize hivyo hivyo, "dukani je?", maana wengi hawaihesabu kuwa ni dawa.

Hatua ya 5: Makohozi, wala si mate

Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika, na maabara ndiyo hulaumiwa. Mgonjwa hupewa kikopo na kuambiwa "ukatemee humu". Anarudi na mate.

Keti naye dakika mbili. Mimi husema hivi: "Mzee, sitaki mate ya mdomoni. Nataka kile kizito kinachotoka chini kabisa kifuani. Sukutua kwa maji safi kwanza. Vuta pumzi ndefu, ishikilie, itoe. Rudia mara tatu. Ya tatu, kohoa kwa nguvu kutoka tumboni." Afanyie nje, penye upepo na jua, mbali na watu, kwa sababu inawezekana ni kifua kikuu. Kifuniko kikazwe, jina liandikwe kwenye kikopo chenyewe na si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Kifike maabara ndani ya saa mbili. Bakteria wakuu wa nimonia ni dhaifu nje ya mwili, na kikopo kilichoshinda dirishani kwenye joto huotesha vya mdomoni tu.

Maabara nzuri hukagua ubora kwanza. Chini ya hadubini kwa ukuzaji mdogo, sampuli ya kweli ina chembe nyeupe zaidi ya 25 na chembe za ngozi ya mdomo chini ya 10 kwa kila eneo. Ikiwa kinyume chake, ni mate, ombeni nyingine. Usikasirike ikirudishwa. Aliyeirudisha amekuokoa na jibu la uongo.

Kisha hupakwa rangi ya Gram. Rangi hii ina asili katika ugonjwa wetu huu huu: Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliitangaza mwaka 1884 akiwa Berlin, alipokuwa akitafuta njia ya kuona bakteria ndani ya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Zaidi ya karne moja baadaye ndiyo jibu la haraka na la bei nafuu kuliko yote. Vidoto viwiliviwili vya zambarau vyenye umbo la mkuki ni Streptococcus pneumoniae. Vifimbo vifupi vidogo vyekundu vyaweza kuwa Haemophilus influenzae. Vifimbo vinene vyekundu, kwa mlevi au mwenye kisukari, fikiria Klebsiella. Vidoto vya zambarau vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, Staphylococcus aureus, hasa baada ya mafua makali au surua.

Kifua kikuu ni swali la peke yake. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, kuishi na mwenye TB, au VVU na kikohozi cha muda wowote: tuma makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010. Ndani ya saa mbili hivi inasema kama kuna vimelea na kama vinahimili rifampisini, dawa kuu ya TB. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi, kinyesi chake kinapimika kwenye mashine hiyo hiyo. Mgonjwa wa VVU aliyelazwa au mwenye kinga ya chini sana, ongeza kipimo cha mkojo cha LAM, kinachotafuta mabaki ya vimelea vya TB. Kikiwa chanya anza dawa, kikiwa hasi hakimwondolei shuku. (Morogoro kuna panya buku waliofundishwa kunusa makohozi na kuchagua yenye TB. Wageni hudhani ni utani, lakini wanafanya kazi kweli.)

Virusi je? Kwa watoto wadogo ndio wengi. Utafiti mkubwa wa nchi saba uliochapishwa mwaka 2019, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake, uliona kwamba kwa watoto waliolazwa kwa nimonia kali, wasio na VVU na wenye picha zilizothibitisha ugonjwa, virusi vilisababisha takriban asilimia 61, na virusi vya RSV (vinavyoshambulia njia ya hewa) peke yake asilimia 31. Chanjo ya nyumokoki (yule Streptococcus pneumoniae), iliyoanza Kenya mwaka 2011 na kuenea Tanzania tangu 2013, imechangia kupunguza sehemu ya bakteria, kwa hiyo soma kadi ya kliniki ya mtoto. Hata hivyo kipimo cha pua kikionyesha virusi hakithibitishi kwamba hakuna bakteria. Katika wodi zetu ni mara chache jibu hilo peke yake litatosha kusitisha antibiotiki kwa mtoto aliye mahututi.

Hatua ya 6: Picha ya kifua

Mtoto mwenye dalili wazi, anayekunywa vizuri na mwenye oksijeni nzuri, hahitaji eksirei. Itamchelewesha na haitabadilisha dawa. Piga picha kama amelazwa, hajapata nafuu baada ya siku mbili tatu, unashuku maji, hewa iliyovuja au TB, au nimonia inamrudia. Kwa mtu mzima anayelazwa, piga.

Andika hivi kwenye fomu: "Mwanamume miaka 62, homa na kikohozi siku 4, pumzi 32, oksijeni 89, sauti chini kulia. Kuna maji kuzunguka pafu?" Msomaji wa picha atajua aangalie wapi.

Mjamzito asinyimwe picha anayoihitaji. Mionzi inayomfikia mtoto tumboni ni kidogo mno, na nimonia ya mama isiyotambuliwa ni hatari kubwa kuliko hiyo kwa wote wawili.

Picha ikifika, usikimbilie weupe. Kwanza jina, tarehe, na upande wa kulia. Nimeshuhudia picha ya mgonjwa wa kitanda cha 6 ikijadiliwa kwa dakika tano kama ya kitanda cha 9. Halafu ubora wake:

- Je, amesimama sawa? Ncha za ndani za mitulinga miwili ziwe umbali sawa kutoka katikati ya uti wa mgongo. Akigeuka kidogo, upande mmoja huonekana mweupe bila ugonjwa.
- Je, alivuta pumzi? Hesabu mbavu za nyuma: 9 au 10 zionekane juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo). Zikiwa 7, mapafu yamejikunja na sehemu za chini zitafanana na nimonia.
- Je, mwanga ni wa kutosha? Pingili za mgongo zionekane kwa mbali nyuma ya moyo.
- Ilipigwa kutoka nyuma au mbele? Ya kitandani, ya kutoka mbele, hukuza moyo. Usimpe mtu ugonjwa wa moyo kwa sababu hiyo.

Sasa tafuta. Pafu lililojaa usaha na majimaji huwa jeupe, na ndani ya weupe huo mirija ya hewa huonekana kama matawi meusi. Matawi hayo yana maana kubwa: yanasema mirija iko wazi ila vifuko vya hewa vimejaa.

Kujua ni sehemu gani, angalia mpaka uliofutika. Mpaka huonekana pale tu hewa inapokutana na nyama. Ukingo wa kulia wa moyo ukifutika, ugonjwa uko sehemu ya kati ya pafu la kulia. Ukingo wa kushoto ukifutika, uko sehemu ya juu ya pafu la kushoto, ule ulimi wake wa chini unaougusa moyo. Kiwambo kikifutika, uko sehemu ya chini. Ukiijua kanuni hii moja utasoma picha kuliko wengi.

Kisha pitia maficho manne, maana ndiko makosa hulala: nyuma ya moyo, juu ya mitulinga, chini ya mstari wa kiwambo, na kwenye mizizi ya mapafu katikati. Pembe za chini ziwe kali kama ncha ya kisu. Zikiwa butu, kuna maji, na mgonjwa aliyesimama huhitaji yafike takriban mililita 200 ndipo pembe hiyo ibutuke.

Sura ya weupe inadokeza, haithibitishi. Sehemu moja nzima nyeupe mara nyingi ni nyumokoki. Madoa yaliyotawanyika pande zote huletwa na vimelea vya aina nyingi. Ukungu mwepesi unaotokea katikati kwenda pande zote mbili kwa mwenye VVU, Pneumocystis, ingawa picha yake inaweza kutoka safi kabisa mwanzoni. Shimo juu ya pafu, kifua kikuu hadi utakapothibitisha vinginevyo. Mapovu ya hewa kwa mtoto aliyeugua ghafla, staphylococcus. Weupe unaorudi mahali pale pale kila baada ya miezi michache kwa mtoto mdogo, uliza kuhusu karanga au mbegu aliyopaliwa. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, na usiamini picha iliyopigwa mara tu alipofika. Mabadiliko huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Kwa watoto chini ya miaka miwili jihadhari na thaimasi, tezi iliyo juu ya moyo. Huonekana kama tanga la jahazi upande wa kulia, na imewapatia watoto wengi wazima sindano zisizo na sababu.

Mwisho, picha safi katika siku ya kwanza haimwondolei mgonjwa nimonia. Ugonjwa huweza kutangulia picha kwa saa 12 hadi 24. Kama dalili zote zipo, tibu.

Hatua ya 7: Ultrasaundi ya pafu

Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya wajawazito inaona nimonia vizuri, mara nyingi kuliko eksirei, na haina mionzi. Gawanya kila upande mbele, ubavuni na nyuma, kila kimoja juu na chini: maeneo sita kila upande, kumi na mawili kwa jumla. Kwa mtoto tumia kichwa cha mashine kilicho bapa, kwa mtu mzima kile kilichopinda.

Pafu lenye afya hutoa mistari ya mlalo inayojirudia, na utando wake unateleza ukifuata pumzi. Likianza kulowa, hutokea miale ya wima inayoshuka hadi chini ya kioo. Likijaa kabisa, huonekana kama ini, lenye vidoto vyeupe vinavyotembea mgonjwa akipumua. Vidoto hivyo ni hewa ndani ya mirija, na kutembea kwao kunatofautisha nimonia na pafu lililosinyaa tu. Maji huonekana meusi, hata yakiwa mililita 20 hivi. Udhaifu wake ni kwamba haioni ugonjwa uliojichimbia ndani bila kugusa ukingo wa pafu, na inategemea sana mkono wa mpimaji.

Sitiskani ina nafasi ndogo hapa. Iache kwa mgonjwa asiyepona, anayeshukiwa jipu la pafu au saratani, au mwenye kinga dhaifu ambaye picha ya kawaida haisemi kitu. Mionzi yake ni makumi ya mara ya eksirei, na gharama yake familia huijua.

Ukikuta maji

Yavute kwa sindano, ukiongozwa na ultrasaundi. Ukitoa usaha, au pH (kipimo cha uchachu wa maji hayo) ikiwa chini ya 7.2, mrija uwekwe; antibiotiki peke yake hazitamaliza kazi. Maji ya rangi ya majani makavu yenye limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) nyingi, kwa mtu aliyeugua polepole, yanakuelekeza kwenye kifua kikuu.

Dawa zianze lini?

Mgonjwa anayelazwa apate dozi ya kwanza ndani ya saa nne tangu afike, na aliye mahututi mapema zaidi. Chukua damu na makohozi ukiweza, lakini foleni ya eksirei isiwe sababu ya kusubiri.

Siku ya tatu, hajapata nafuu

Rudi kitandani, usikimbilie kubadilisha dawa. Hesabu pumzi tena. Uliza kama dozi zote zilitolewa kweli, na kwenye chati uthibitishe. Piga picha ya pili ukiuliza maji na jipu. Soma majibu ya damu iliyooteshwa. Huwa yamekaa maabara yakisubiri mtu ayafuate. Tuma makohozi ya TB kama hukutuma, na jibu la VVU lililoandikwa "baadaye" lipatikane leo. Fikiria pia yasiyo nimonia: moyo ulioshindwa, damu iliyoganda kwenye mishipa ya pafu, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni.

Akipona, usirudie picha kabla ya kuruhusiwa ili kujiridhisha tu. Weupe huchelewa kuondoka hadi wiki 6, na kwa wazee zaidi, ilhali mtu ameshaanza kulima. Lakini mvutaji wa sigara, au mwenye zaidi ya miaka 50, mwandikie arudi wiki ya 6 kwa picha nyingine, na kwenye fomu uandike swali lenyewe: "Weupe wa juu kulia umeondoka, au kuna uvimbe uliokuwa umejificha chini yake?"